Sentimita na Gari la Mita Tano

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni seremala, na mtaa mzima unamwita Sentimita. Jina hilo kajipa mwenyewe, nisikufiche. Ukimwagiza kitanda atakwambia, "Mimi sikosei hata sentimita," kisha atakuonyesha kifimbo chake cha mita moja alichoachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Tepu za chuma hataki hata kuzisikia. Kifimbo anakienzi mno, na kila mwanzo wa mwaka hukipiga randa kidogo nchani ili kona zake ziwe safi. Jina hilo ndilo linalomlisha. Watu wanapita maduka matatu ya vitanda kuja kwake.

Sasa huyu bwana mwaka jana alinunua pikapu. Nikisema pikapu usifikirie kigari. Ukisimama mbele ya boneti dereva hakuoni, mimi mwenyewe nilikoswakoswa mlangoni kwangu. Eti la kubebea mbao. Mbao gani! Vitanda viliendelea kwenda kwa mkokoteni, maana gari lingechunika rangi, na Sentimita akawa anakwenda nalo kununua gazeti asubuhi, yuko peke yake ndani, kajaza njia nzima.

Basi halmashauri ya jiji ikatangaza kwamba gari la mtu binafsi lenye urefu wa zaidi ya mita tano litalipa kodi ya ziada likiingia mjini. Sentimita akalipima lake kwa kifimbo. Mita tano na sentimita ishirini. Heh! Wiki mbili hatukula kwa raha.

"Hii ni kodi ya wivu!" alifoka mezani.

"Ni kodi ya nafasi, shemeji," nikamjibu. "Ukiegesha wewe, watu wawili wanazunguka mji hawana pa kuweka magari yao. Lipa."

"Unakula kwangu halafu uko upande wa nani?"

"Upande wa waenda kwa miguu."

Dada alicheka hadi akapaliwa na chai.

Jumamosi mpimaji wa halmashauri akaja karakana na tepu yake ndefu. Watu walijaa, nami nilikuwa mstari wa mbele, na sikwenda kumfariji mtu. Muuza magodoro wa duka la pili alikuwepo pia. Hao wawili walikuwa hawasalimiani. Magodoro ya huyu yalikuwa hayaingii kwenye vitanda vya yule bila kukunjwa, na Sentimita alishatangaza mtaa mzima kwamba jirani yake hajui kupima.

Mpimaji akavuta tepu, akainama, akaandika. "Mita nne na sentimita tisini na nne. Hulipi."

Ee bwana wee! Sentimita aliruka. Akamkumbatia mpimaji, akamkumbatia dada, akanikumbatia hata mimi adui, kisha akaanza kucheza akilizunguka gari. Tukampigia makofi, mimi nimeshasahau kabisa kwamba kodi ile nilikuwa naipenda.

Muuza magodoro hakupiga makofi. "Fundi," akasema taratibu, "kwa kifimbo chako si lilikuwa mita tano na ishirini?"

Sentimita akasimama, mguu mmoja juu. Nikamwona anapiga hesabu usoni. Akamgeukia mpimaji.

"Ndugu yangu, pima tena. Hili gari ni kubwa."

"Nimeshapima, mzee. Hulipi."

"Nataka kulipa! Andika mita tano na ishirini, nalipa ya mwaka mzima!"

"Sheria hainiruhusu."

"Jamani, si mnasema magari kama haya yanaharibu barabara? Nioneeni huruma, nitozeni!"

Nilikaa chini kabisa, mbavu sina. Mtu aliyeitukana kodi wiki mbili sasa anaibembeleza kama mchumba!

Mpimaji akaomba kifimbo kwa upole, akakilaza juu ya tepu. Sentimita tisini na tano; randa ya kila mwaka ilikuwa imekila. Kila kitanda cha mita mbili, basi, kilikuwa kimepungukiwa sentimita kumi.

"Kumbe si mimi niliyerefuka!" akasema yule mwenye mkokoteni wa kubebea vitanda, naye alilalia kimoja, na vicheko vikaanza upya. Mimi nami nilikuwa na miaka miwili nalala nimekunja magoti kwenye kitanda alichonitengenezea, nikilaumu uzee.

Sentimita hakucheka. Kwa kweli nilimwonea huruma. Akamwendea muuza magodoro mbele ya watu wote.

"Nilikuchafulia jina. Nisamehe."

"Nimekusamehe," akajibu yule. "Ila nunua tepu."

Sentimita akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, ule usiowahi kupitisha hata msumari, akaanza kutupia mbao ndani. Ubao wa kwanza ulichora mstari mrefu ubavuni mwa gari. Dada akajishika kichwa. Mwenyewe hakugeuka hata kutazama.

Alianza na kitanda changu, akakirefusha bure. Alipomaliza nilijitupa juu yake bila hata kuvua viatu, nikajinyoosha, nikajinyoosha tena. Miguu yote miwili ndani.

"Kinatosha?" aliuliza kutoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na hakika.

"Kinatosha, Sentimita."

Nilihofia hataki tena kuitwa hivyo. Akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, akaenda kuliwasha lile ligari, kwa kuwa mwenye mkokoteni alikuwa wa pili.