Kuku Mweupe wa Mpagazi

Nilipokabidhiwa zahanati ile ya mwituni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni ya Usoke, nilipewa ufunguo, taa ya spiriti, sufuria ya kuchemshia sindano, daftari la wagonjwa, na banda lenye kuku tisa. Mwenzangu niliyempokea kazi alikuwa Mkristo wa hukohuko, mtu mpole, na siku hiyo alikuwa anawahi treni ya kwenda kituo chake kipya. Juu ya dawa alinieleza saa nzima. Juu ya kuku alisema neno moja tu, akiwa tayari amefunga mizigo yake kwenye baiskeli:

"Usiwauze hawa."

Sikuwauza. Niliwala.

Mimi ni mzaliwa wa Ng'ambo, Tabora mjini. Baba yangu alikuwa Mzaramo aliyekuja bara na msafara wa wafanyabiashara, akaoa, akasahau njia ya kurudi pwani. Alinitia chuoni nikasoma Kurani mpaka nikahitimu, kisha serikali ya Mwingereza ikanifundisha kufunga vidonda na kupiga sindano. Watu waliniita dresa. Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, na nilijiona najua mambo mengi.

Ramadhani ya kwanza tuliyofunga pale, mke wangu alipika supu ya kuku mara moja au mbili kila wiki. Nilichinja kwa bismillahi, nikamshukuru Mungu kwa riziki aliyonitangulizia. Yule mweupe, aliyenona kuliko wote, tulimweka mpaka sikukuu ya Idi.

Ugonjwa mkubwa wa sehemu ile siku zile ulikuwa buba. Vijana wa leo hawaijui, na Mungu ashukuriwe kwa hilo. Ilianza kwa vidonda vya mwilini, na sindano ilivikausha haraka sana. Ukipigwa moja leo, wiki ijayo ngozi imeanza kufunga. Lakini dawa ilitaka sindano moja kila wiki, wiki nyingi mfululizo. Anayekatisha njiani, buba hujificha, kisha hurudi, na mara nyingi hurudia kwenye nyayo. Nyayo hupasuka na kuota vinundu, mtu hawezi kukanyaga, anatembea kwa kingo za miguu kama kaa.

Njia ya zamani ya misafara, ile ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, ilipita mbele ya mlango wetu. Misafara ilikwisha zamani, treni imeichukua kazi yake, lakini watu wa vijiji waliendelea kuitumia kwenda mashambani na msituni. Kila asubuhi kabla mke wangu hajafagia niliona katika vumbi alama za nyayo zisizotimia, upande wa nje tu na kisigino kidogo. Nilijua ni buba. Nilijua pia kwamba wenye nyayo hizo wamo katika daftari langu, wamepigwa sindano moja au mbili wakaishia hapo. Walipita mlangoni bila kugeuza shingo. Wagonjwa wapya walikuja wengi. Katika wale wa mwenzangu waliobakiza sindano, walirudi wawili tu.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mzee wa Kinyamwezi aliyekuwa mpagazi ujanani mwake. Alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na kurudi. Siku zote nilimkuta ameketi barazani kwake, anatengeneza mizinga ya nyuki kwa magome ya miti, miguu ameifunika shuka. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi hizo za misafara, basi hatukuamkiana kama watu wengine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mzaramo. Leo umeamka hujaiba kitu?"

"Ndiyo nimepita kuangalia kama kuna cha kuiba."

"Hapa kuna mzee na magome. Chukua mzee, magome yana kazi."

"Mizinga yote hii utaitundika lini?"

"Miguu hii ilijua Bagamoyo baba yako angali ananyonya. Sasa imepumzika. Mizinga itatundikwa na mkwe."

Mkewe, bibi mwembamba mwenye macho makali, alikuwa anakata viazi vya kuanika kuwa michembe. Aliinua uso, akanitazama, akarudi kwenye viazi vyake. Nilidhani mzee ni mvivu tu wa uzeeni.

Miezi ikapita. Jumapili moja mwenzangu yule akaja likizo kwao, akapita kutusalimu baada ya kutoka kanisani. Alipokuwa anakunywa chai macho yake yalikwenda bandani.

"Wale kuku wako wapi?"

"Wapo wawili."

"Nilikuachia tisa."

Mke wangu akasema kutoka jikoni, "Saba tulifuturu nao, shemeji. Walikuwa na baraka sana."

Hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaenda bandani akahesabu mwenyewe, akarudi, nami nikaona aibu bila kujua sababu yake.

"Huku kwetu," akasema, "mgonjwa akipona humpelekea mganga kuku wa shukrani. Mganga akimla, dawa imefungwa. Ugonjwa ukirudi, mtu harudi kwa mganga yule. Akirudi ni kama kumwambia, dawa yako ilikuwa maji, nawe ulikula kuku wangu bure. Nani atamtukana mganga hivyo?"

"Na hawa tisa?"

"Waliona vidonda vimekauka, wakaleta. Niliwaambia sindano bado. Lakini kuku wa shukrani hakataliwi, kumkataa ni kumlaani aliyemleta. Basi nikawapokea, nikawafuga. Kila mtu alipopita alimwona kuku wake anadonoa, akajua dawa yake iko wazi, anaweza kurudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikujua kama duniani kuna mtu asiyejua jambo hilo."

Nikamwuliza kama naweza kununua kuku wengine saba niwarudishie. Akatikisa kichwa. "Kuku mwingine ni kuku mwingine." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Yule mweupe alikuwa wa jirani yako. Alipigwa sindano mbili tu."

Nilifundishwa chuoni, kwa fimbo na kwa upole, kwamba amana ni nzito kuliko milima. Na mimi nilikula amana za watu saba kwa wali na supu, tena mwezi mtukufu, nikamshukuru Mungu juu yake. Siku ile sala ya alasiri nilisujudu nikakawia kuinuka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mzee. Sikuanza kwa utani. Nilikaa chini, nikamwambia kuku wake mweupe nilimla mimi kwa kutojua, na nimekuja kuomba radhi.

"Najua," akasema, bila kuacha kushona gome. "Bibi aliyaona manyoya yake jaani kwenu siku ya Idi. Alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mtamu, mzee."

"Nilimlisha mtama mwenyewe."

"Nionyeshe miguu."

"Miguu yangu haina habari nawe. Dawa ilifungwa. Yule kijana wetu alinitendea wema, sitamwambia kwamba alinipiga maji."

Bibi akatupa kisu kwenye ungo. "Mwonyeshe! Anatambaa kwa magoti akienda nyuma ya nyumba, huyu wa Bagamoyo. Mkwe hajui nyuki, mwaka jana alitundika mizinga juani, wakahama wote. Anakaa hapa anatengeneza nyumba za nyuki asizozifikia. Mwonyeshe!"

Mzee hakuifunua shuka. Nilibembeleza mpaka maneno yakaniishia. Nikaaga, nikafika njiani, ndipo akanipigia kelele, nadhani ili tusiachane kwa huzuni:

"Nenda zako, mwizi wa kuku!"

Nikasimama. Mpaka leo naamini Mungu ndiye aliyenisimamisha, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Nikarudi mpaka barazani.

"Mzee, umeniita nani?"

"Nimekuita jina lako. Mwizi wa kuku."

"Bibi, umesikia? Wewe ni shahidi. Kuku wa shukrani hutolewa na mwenyewe kwa mkono wake, akaliwa na mganga wake. Mzee, wewe ulimpa yule kijana wenu. Yeye hakumla. Aliyemla ni Mzaramo, mtani wako, na mtani akiona kuku wa Mnyamwezi hangoji kupewa, huchukua. Huyo kuku aliibwa. Kuku wa kuibwa amefunga dawa ya nani?"

Bibi ndiye aliyeanza kucheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mzee aliligeuza gome lake, akalitazama ndani, akalitazama nje.

"Wazaramo," akasema mwisho. "Mnasomeshwa kitabu cha Mungu, kisha mnakuja kutetea wizi."

"Kitabu kinamtaka mwizi arudishe. Kuku sina. Nina sindano."

Akaifunua shuka.

Sitaeleza nilichokiona. Nilimwambia kesho nitaleta watu wa kumbeba mpaka zahanati, akanijibu kwamba mpagazi habebwi. Alikuja kwa fimbo mbili. Pale ambapo mimi nilitumia dakika chache, yeye alitoka jua likichomoza akafika limekaa juu ya paa. Dawa ile ilikuwa nzito na iliuma kuliko buba yenyewe. Hakulia. Alisema tu, "Hii pembe umenibebesha, ni ya tembo dume." Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata.

Watu wa njiani walimwona, na bibi akawasimulia habari ya wizi wangu. Wiki ya tatu mama mmoja wa wale saba alisimama mlangoni, nyayo zake zimefungwa majani, akasema kwa sauti, "Mwizi wa kuku yumo?" Nikamjibu, "Yumo, karibu ndani." Hivyo ndivyo walivyorudi. Kila mmoja alinitukana kwanza hapo mlangoni, halafu akaingia. Mke wangu alicheka akasema hajapata kuona hospitali ambayo kuingia kwake ni matusi. Mmoja tu hakurudi. Alikuwa amehama na wanawe, wala hakuna aliyejua alikokwenda. Huyo namwombea hata sasa, na kila nikimwombea namwomba naye anisamehe.

Sindano ya mwisho ya mzee haikuwa na kuku. Alivuta shuka yake akasema, "Wa kufunga dawa yuko kwangu, mweupe vilevile. Siku utakapoona mwenyewe kwamba nimepona, njoo umwibe."

Nilingoja. Buba ni mdanganyifu, nilikuwa nimejifunza kutoiamini ngozi kavu. Mvua zikanyesha zikakatika. Mzee alitupa fimbo moja, kisha ya pili, nami bado nikangoja.

Asubuhi moja, miti ya msituni ikiwa imeanza kuchanua, nilifungua mlango nikaona katika vumbi la njia alama za miguu miwili, kisigino, unyayo na vidole vitano kila mmoja, zimeelekea msituni. Kando yake palikuwa na mchirizi wa kamba iliyokuwa inaburuta, kamba ya kupandishia mizinga. Nilimwita mke wangu atazame. Kisha nikamwomba asifagie mbele ya mlango siku hiyo.

Nikaenda kwa mzee. Mwenyewe hakuwapo, alikuwa juu ya mti mahali fulani pamoja na nyuki wake. Nilinyemelea uani, nikamkamata kuku mweupe, naye akapiga kelele za kuamsha kijiji. Bibi akatoka na mwiko mkononi, akanikimbiza mpaka njiani huku akipaza sauti, "Mwizi! Mwizi wa kuku huyo!" na majirani wakapiga vigelegele.

Nilimchinja kwa bismillahi. Safari hii alikuwa halali yangu.