Salamu Aliyonyimwa Oribi

Nilikwenda Durban mwaka 2013 kumjulia hali dada yangu wa Overport, lakini safari ninayoisimulia hapa ilianza mlangoni pake, jioni moja, kwa hodi ya jirani. Alikuwa Baba Divine, Mrundi anayelisha wanyama kwenye shamba la kuzalisha oribi. Oribi ni paa mdogo wa mbugani, rangi ya mkate uliookwa vizuri, ambaye majembe ya trekta na mbwa wa wawindaji wamekaribia kummaliza.

"Mwandishi, kesho kuya na sisi," alisema. "Iko moja, nilimulea na biberon, ile chupa ya maziwa, kama mtoto. Sasa anarudi kwao."

Alfajiri tuliondoka kwa pikapu ya shamba. Mtaa wa Morningside ulikuwa bado umelala, robot, yaani taa za barabarani, zikibadilisha rangi bila wa kuzitazama. Kisha mashamba ya miwa, kisha vilima vya kijani kibichi. Kila tuliposimama, Baba Divine alisalimia: muuza mafuta, wanawake wa kituoni, hata punda.

"Punda naye?" nikamcheka.

"Kwetu haupite mwenye pumzi bila kumwamkia. Yule oribi nilimwambia mwaramutse kila asubuhi. Siku moja nikaona anakuja mbio. Nikafurahi, mjinga mimi."

Shambani, daktari wa wanyama, Thandeka, ambaye wote walimwita Sisi, yaani dada kwa Kizulu, alinieleza ubaya wa furaha ile. Oribi anayefuata sauti ya mtu atamfuata na mwindaji. Kwa wiki kadhaa walikuwa wamemlisha nyuma ya pazia, bila neno. Leo akitujia, atarudishwa zizini kwa maisha yake yote.

"Kwa hiyo leo, Baba, funga mdomo," alimwambia.

"Eish, Sisi. Hata kidogo?"

"Hata kikohozi."

Mbugani, jua likiwa limepanda, tuliteremsha sanduku lililombeba, tukavuta mlango wake. Oribi akatoka, miguu myembamba kama vijiti vya kufumia, doa jeusi chini ya sikio. Hakukimbia. Alimtazama Baba Divine, akangoja. Akapiga hatua moja kuelekea kwake. Ya pili.

Baba Divine alifumbua mdomo, akaufumba. Kisha akafanya jambo ambalo kwao humfanyii hata adui: akamgeuzia oribi wake mgongo, akaondoka bila kuaga. Tukamfuata, nyasi zikituchoma miguu, hakuna aliyethubutu kugeuka.

Nyuma yetu ukalia mluzi mkali.

Tuligeuka. Oribi alikuwa mbali, juu ya mteremko, ametukazia macho kana kwamba tu majambazi. Akapiga mluzi tena, ule ambao oribi huonyana nao hatari ikija, akaruka juu ya nyasi, akaruka tena, akapotea.

"Sharp!" Sisi Thandeka alipiga makofi. "Anatuogopa!"

Baba Divine alicheka huku machozi yakimtiririka. "Ametutukana, mwandishi! Asante Mungu, ametutukana vizuri!"

Tulirudi mjini jua likizama, naye akimsalimia kila mtu barabarani, mara mbili mbili, kana kwamba analipia ile salamu moja aliyomnyima oribi. Nami nilirudi nyumbani na shukrani ambayo bado naibeba. Nililelewa nikiamini kwamba salamu ndiyo mlango wa upendo. Siku ile nilimwona mtu akiufunga mlango huo taratibu, kwa mikono yake mwenyewe, ili ampendaye aishi.