Rula Juu ya Jina

Jirani yangu hapa Alunguli alifundisha hesabu miaka mingi. Amestaafu, lakini wazazi bado wanamletea buletini, karatasi za alama za shule za watoto wao, awaambie kama wataingia chuo cha udaktari, ambako waombaji ni wengi na nafasi chache. Anazipokea kwa mikono miwili. Kisha analaza rula yake ya mbao juu ya jina na mwaka, asijue anampima mtoto wa nani, na kushuka na ukucha alama moja moja akinong'ona. Haruki alama mbaya hata moja. Hata dada yake mwenyewe, alipoleta ya mwanawe, aliambiwa kwa sauti ileile kavu, "Huyu hapana. Mumutafutie kazi ingine."

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Kibombo, buletini yake imefungwa ndani ya plastiki. Mwalimu akalaza rula, akashuka, ukucha ukasimama. "Fizikia njo inamuangusha, mama. Arudie mwaka."

"Atarudia namna gani, mwalimu? Alikufa mu vita, mwaka ule ule. Mimi nilitaka tu kujua kama angeingia."

Mwalimu akaondoa rula. Pélagie, mwaka wa sita, 1999. Akausugua kwa kidole gumba ukingo wa rula uliolika. Halafu akairudisha kwenye karatasi, safari hii akafunika mstari wa fizikia, akaanza kuhesabu upya kutoka juu.

"Anaingia," akasema.