Jezi ya Hosi na Utumishi Wangu wa Stoo

Niliingia kazini nikiwa kidato cha pili, siku ya Jumatatu, kwa kosa la kucheka mstarini. Mwalimu wa Michezo hakunichapa. Alinitupia funguo za stoo akasema, "Kwa kuwa kwako kila kitu ni sherehe, kuanzia leo wewe ni mtunza vifaa. Tuone utamcheka nani humo ndani." Ninyi wa kidato cha kwanza mnadhani vyeo hivi hupigiwa kura. Sisi wazee tuliajiriwa kwa adhabu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa mipira. Mpira una bladda, ule mfuko wa ndani unaotunza upepo, na bladda haijazwi bila sindano ya pampu. Pampu ilikaa shuleni. Sindano ilikaa nyumbani kwa Mwalimu wa Michezo, eti kwa usalama. Kwa hiyo kila mechi ya Tunduma nzima ilinisubiri mimi nipenye kwenye foleni ya malori yanayovuka mpaka kwenda Nakonde, nimwombe mke wa mwalimu sindano, naye aniulize kwanza mama hajambo, bibi hajambo, na yule ng'ombe aliyekuwa anaumwa je.

Baada ya muhula mmoja nikapandishwa cheo kwenda Kabati la Heshima, lile la kioo nje ya ofisi ya Mkuu wa Shule. Lilikuwa na vikombe viwili, kimoja hakina mkono, na jezi nyekundu ya Hosi. Hosi ni kichwa cha lori, na ndilo jina walilompa uwanjani kwa sababu mabeki walimfuata nyuma kama tela. Alisoma hapa kwetu, akachezea timu kubwa huko mbali, kisha akarudi Ihanda kulima kahawa. Mgeni yeyote alionyeshwa jezi ile kabla ya kuonyeshwa choo.

Kupokea kabati kulikuwa na makabidhiano. Anayeondoka husimama na anayeingia, akataja kitu kimoja kimoja na habari zake, kwa mdomo, maana leja ililiwa na mchwa. Aliyenikabidhi ni kaka Elia, mtu anayeongea kama anaungama kanisani. Alieleza, akaeleza. Mimi nilikuwa natafuna andazi na kumwigiza kila alipogeuka. Akauliza, "Umesikia yote?" Nikasema, "Yote, mheshimiwa."

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, nilikuwa nafuta vioo vya kabati. Nikaliacha wazi nikaenda kuchota maji. Kurudi, naona mgongo wa baba mmoja mnene unaelekea getini, jezi kwapani. Nikaachia ndoo.

"Mwizi! Mwizi wa jezi ya Hosi!"

Jamani, neno hilo usilitoe hapa Tunduma kama hujajiandaa. Bodaboda wa getini walimzingira ukutani kabla sijavuta pumzi, na jiwe la kwanza likampata begani. Ndipo mmoja wao akapiga kelele, "Oya, acheni! Huyu si ndiye Hosi mwenyewe?"

Mawe yakashuka, simu zikapanda. Mtu anavuja damu, wao wanamwambia, "Braza, cheka kidogo, picha inakuwa nzuri."

Mkuu wa Shule akatoka ofisini. Hosi akamweleza kwamba amegonga mlango hakuitikiwa, kwamba jezi ni yake, aliiazima shule tu, na sasa anataka kumwonyesha binti yake asiyeamini kuwa baba aliwahi kucheza.

"Maandishi yako wapi?" Mkuu akauliza. "Jezi ni mali ya shule. Sheria haijui staa."

Akaitiwa polisi. Nilipopelekwa kituoni kuandika maelezo, nilikuta askari wamemtoa lokapu awasimulie lile goli lake la kichwa. Akasimulia. Wakampigia makofi, wakamwomba asaini kofia, wakamrudisha lokapu. Nilitamani kupasuka. Kila mtu anampenda, na hakuna hata mmoja wa kumfungulia mlango!

Nikamkimbilia kaka Elia, ambaye siku hizi anabeba nyaraka za wakala wa forodha hapo mpakani.

"Kitu cha tatu," akasema, bila haraka, mimi natokwa jasho. "Nilikwambia jezi ni ya Hosi mwenyewe, akiitaka apewe. Ulikuwa unatafuna."

"Basi uje useme mahakamani, kaka."

"Nitasema nilichokwambia. Ya kwamba hukusikia, utasema wewe."

Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa shahidi wa Mkuu wa Shule, na alishanifundisha jibu: "Sema ulikabidhiwa kama mali ya shule. Nukta. Ukiniaibisha, tutaonana." Nikisema hivyo, Hosi anafungwa.

Mahakama ya mwanzo ilijaa kama fainali. Hakimu, mama mwenye miwani, akainua kielelezo, yaani kitu chenyewe kinachogombewa.

"Binti, ulipokabidhiwa jezi hii, ulielezwa ni ya nani?"

Mkuu wa Shule alinitazama. Hosi alikuwa anatazama miguu yake.

"Nilielezwa, mheshimiwa hakimu. Sikusikiliza."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakula andazi."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. "Andika," akamwambia karani. "Alikuwa anakula andazi."

Kaka Elia akaja akataja vitu vyote vya kabati, hadi kikombe kisicho na mkono, na hakimu akasema mtu haibi kilicho chake. Hosi akaachiwa pamoja na jezi. Jioni hiyo hiyo Mkuu wa Shule akanipokonya funguo. "Umestaafishwa," akasema, "kwa manufaa ya umma."

Sasa niko kidato cha nne, mstaafu asiye na kiinua mgongo. Mkikabidhiwa kitu, wadogo zangu, mezeni kwanza, msikilize.

Jumamosi iliyofuata ile kesi, nilipanda kwenda Ihanda kuomba radhi. Hosi alinisikiliza hadi mwisho, akanipa ndoo nichume naye kahawa. "Nyekundu tu," akasema. Bega lile alikuwa haliinui vizuri. Binti yake akaja akasimama kwenye mistari ya mibuni, ananikagua.

"Baba, huyu nani?"

"Ndiye aliyeniitia mwizi. Na ndiye aliyesema kweli mahakamani."

Mtoto akafikiri. "Sasa nimwiteje?"

"Mwite dada," Hosi akasema, akiendelea kuchuma. "Ila akipiga kelele, usikimbie naye. Muulize kwanza ana uhakika."