Kipindi cha Mzee Mangi

Mzee Mangi alikwangua chumvi kwenye mabwawa ya Gongoni kwa miaka thelathini na minne. Kusoma alijifunza mwenyewe, kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa mkate. Cheti hana. Alicho nacho ni nakala ya Katiba iliyochakaa, na kipindi kimoja cha kuifundisha kila Ijumaa katika shule ya sekondari ya jirani, bila malipo. Kipindi hicho ndicho kinachomfanya anyoe ndevu.

Sasa amekuja mwalimu mkuu mpya, Nahashon, anataka kukifuta. "Mzee, hayo hayatahiniwi." Siku hizi kisichotahiniwa hakina maana; salamu nazo kama zingetahiniwa, huenda watoto wangesalimu.

Ijumaa hiyo Nahashon aliingia kidato cha pili, akakaa nyuma, mikono kifuani. Mangi huendesha darasa kama wakwanguaji walivyoendesha mambo yao zamani, kabla ya wasimamizi wa kufoka kwenye simu. Walipokuwa na neno, waliketi kwenye tuta la bwawa, na aliyeajiriwa mwisho ndiye aliyesema kwanza, asije akafuata tu maneno ya wakubwa. Desturi hiyo imekufa kwenye chumvi. Imebaki humu darasani.

"Mwalimu mkuu anataka kutuondolea kipindi," Mangi akasema. "Mnasemaje?"

Wote wakamgeukia Kahonzi, aliyehamia kutoka Ngomeni wiki mbili zilizopita.

"Ala! Mimi hata daftari sijapata!"

"Sema, mgeni! Usitucheleweshe!"

Akasimama. "Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Marahaba."

"Ibara ya arobaini na saba inasema mwenye mamlaka akitaka kugusa haki ya mtu, ampe sababu kwa maandishi. Basi tunaomba zako. Hata mistari mitatu yatosha."

Darasa likaangua kicheko. Mangi hakucheka. Aliona kipindi kimeshakwenda na maji. Enzi zake, mtoto gani angemdai mkubwa barua?

Nahashon akatoa kalamu na karatasi. Akaandika "Kwa sababu", akakwama. Akafuta, akaanza upya, akatazama dari. Mwisho akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Hii nikiitia sahihi nitajiaibisha," akasema, akicheka kwa shingo upande. "Mzee, Ijumaa ni yako. Lakini mnamaliza lini?"

"Tumefika ya arobaini na saba; bado ibara mia mbili na kumi na saba," Mangi akajibu, moyo umemtulia tuli. Akalowesha kidole, akafunua ukurasa. "Ukikaa, tutafika pamoja."