Sajini aliyesema haumwi

Bado nasikia meno ya yule mzee yakisagana alipokuwa anakaa kwenye kiti.

Sajini mstaafu kutoka Mwakitolyo. Namtibu saratani ya damu, ile inayokula mifupa.

"Maumivu vipi, Babu?"
"Hakuna, Daktari. Niko imara."

Nikashika kalamu niandike hivyohivyo, kama kliniki tatu zilizopita.

Mkewe, Mama Kulwa, akaguna. "Imara gani? Mwezi mzima analala amekaa."

Mzee akatazama ukuta.

Nikasimama. Sijui ujasiri niliutoa wapi.
"Sajini, toa taarifa."

Akanyoosha shingo. "Mgongo, afande. Nyonga. Mbavu za kushoto. Tangu kiangazi."

Jamani, muda wote huu nilikuwa namuuliza vibaya?

Nimeshakata "hana maumivu" zote tatu kwenye faili, nikasaini. Dozi ya kwanza ya mofini ameinywa mbele yangu.