Saini ya Bawabu

Mkunga alifungiwa maisha saa nne asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Kosa lake lilikuwa kufuta sentensi moja. Katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea, ukurasa wa uzazi ulisema kwamba mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua alale tu, itakoma yenyewe. Mkunga alizalisha akina mama kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na waliolala wakisubiri aliwaona kwa macho yake. Akaifuta, akaandika: akimbizwe hospitali. Dakika moja baadaye sentensi ilikuwa imerudi. Akaifuta tena, ikarudi. Mara ya tatu akafungiwa nje asihariri tena, na chini ya hukumu ikawekwa saini ya msimamizi mkuu: Bawabu.

Alikata rufaa. Kwa desturi ya mradi ule, msimamizi asiyesema neno kwa siku saba huhesabiwa kuwa amekubaliana na mkuu. Wasimamizi sita walinyamaza. Kura zikawa saba kwa sifuri.

"Mama, achana nao," binti yake alimwambia. "Kwani wanakulipa?"

"Anayesoma ukurasa ule naye hanilipi, mwanangu. Lakini damu itakayomwagika ni yake."

Akatuma rufaa ya pili. Kisha akatafuta bahasha ya cheti cha shukrani ambacho Bawabu alimtumia kwa posta mwaka wake wa kwanza wa kujitolea. Anwani ilikuwa nyuma. Akavaa viatu, akaenda.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwembamba mwenye miwani.

"Namtafuta mwenye nyumba, dada. Wiki iliyopita kanifungia kazi yangu."

Mwanamke alivua miwani. "Mume wangu nimemzika, mwaka wa tatu huu."

Akamwongoza hadi chumba cha nyuma, na kabla ya kufungua akabisha hodi. Ndani, kiti kilikuwa kimesogezwa kando kidogo, kama cha mtu aliyeinuka sasa hivi. Kompyuta ilikuwa ikinguruma. Vumbi lilikuwa limelala juu ya vitufe, bila alama hata ya kidole kimoja.

"Alitegesha programu imfanyie kazi siku akiugua," mjane alisema. "Wasimamizi wenzake walipokuja mazishini waliniomba nisiizime. Eti ikizimika, watagombania ukuu."

"Na wewe mwenyewe?"

"Nikiizima nitakuwa mjane mara ya pili, dada."

Kioo kikawaka. Mbele yao maneno yakajipanga, moja baada ya jingine: Rufaa ya pili imekataliwa. Bawabu.

"Haya, baba watoto," mjane akaitikia kwa sauti ndogo, kama alivyozoea.

Mkono wa Mkunga ulifika kwenye swichi ya ukutani, ukakaa hapo, kisha akaushusha. Marehemu hakumnyamazia. Wale sita walionyamaza wako hai, wanakula na kulala.

Sentensi ile ipo hadi leo, na wanaoisoma ni wajawazito. Basi nyinyi sita, mnaotawala kwa mkono wa maiti ili msiulizwe lolote: ifuteni leo. Mfungulieni Mkunga. Itisheni uchaguzi wa watu wanaopumua. Kisha nendeni wenyewe kwa yule mjane, mbishe hodi, mkamwombe radhi, na mzime mlichoomba kisizimwe.